Kamba wa Naivasha Anamaliza Konokono wa Kichocho, Lakini Usimlete Mto Thika

Manze, ukiosha nduthi yako mtoni Ruiru, maji ya magoti tu, kuna kitu huoni. Kijidudu cha kichocho kinatoka kwa konokono, kinapenya ngozi bila hodi. Ukimeza prazikwanteli unapona, ukirudi majini unashikwa tena. Kwa hivyo mwenye shida ni huyo konokono.

Na kuna msee humla. Kamba mwekundu wa Louisiana aliletwa Ziwa Naivasha 1970, watu wavue wauze. Baadaye watafiti wa KEMRI, akiwemo Gerald Mkoji, wakamweka kwa mabwawa ya Machakos, majirani zetu hapa. Ripoti ya 1999 ikasema konokono walipungua, na maambukizi kwa watoto wa shule pia. Poa sana, si ndio?

Tulia. Huyo jamaa hachagui chakula. Naivasha alifyeka hadi mayungiyungi. Halafu bwawa lina mwisho, mto hauna: ukimwaga kamba Thika anateremka mpaka Tana, ukimwaga Ruiru anaingia Athi. Nani atamrudisha? Senegali angalau walijaribu kamba wa mito yao wenyewe.

Mimi ningeanza na vyoo kando ya mto. Konokono hazaliwi na kichocho, sisi ndio humpa tukikojoa majini.