Hati ya Serikali Mkononi mwa Mtafuta Kazi

Katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, kati ya Desemba 1980 na Mei 1981, watu waliokuwa wakiishi kwa msaada wa serikali walifundishwa namna ya kutafuta kazi na namna ya kuzungumza na mwajiri. Waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. Watu wa fungu la kwanza walipewa hati ya kumwonyesha mwajiri, yenye kueleza kwamba akimwajiri mwenye hati atapunguziwa kodi. Wa fungu la pili walipewa hati kama hiyo, ila mwajiri wao angelipwa fedha taslimu. Wa fungu la tatu hawakupewa hati yoyote. Walikwenda mikono mitupu.

Mtu yeyote angedhani kwamba wenye hati ndio watakaotangulia kuajiriwa. Haikuwa hivyo. Katika kila watu 100 waliokwenda bila hati, karibu 21 walipata kazi. Katika kila 100 waliokwenda na hati, iwe ya kodi au ya fedha, waliopata walikuwa karibu 13 tu. Mtaalamu wa uchumi Gary Burtless, aliyechapisha matokeo hayo mwaka 1985, alieleza kwamba huenda hati ile ilimtia mwenyewe alama. Mwajiri alipoisoma hakuiona nafuu ya kodi, bali alimwona mtu ambaye serikali yenyewe imekiri kwamba hachukuliwi mpaka mwenye kumchukua alipwe. Mama wa nyumbani aendaye sokoni jioni, akakuta samaki ameshushwa bei ghafla, hulijua jambo hili bila kufundishwa uchumi.

Nafuu yenyewe ilikuwa imewekwa na sheria ya mwaka 1978, kwa ajili ya vijana wa jamaa maskini, watu waliotoka gerezani, walemavu, na askari maskini wa wakati wa vita vya Vietnam. Mwaka 1994 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Kazi aliichunguza, akakuta kwamba katika kila wafanyakazi 100 ambao waajiri wao walipunguziwa kodi, 92 wangeajiriwa hata kama nafuu hiyo isingalikuwapo. Kwa maneno mengine, hazina ilikuwa ikiwashukuru matajiri kwa jambo ambalo walikwisha kulikusudia. Sheria hiyo ilikoma mwishoni mwa mwaka huo.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha nafuu nyingine mahali pake. Tangu mwaka 1997, mwajiri aliyemchukua mtu wa makundi yaliyotajwa, akamweka kazini kwa saa 400 au zaidi, alipunguziwa kodi kwa asilimia 40 ya mshahara wa dola 6,000 za kwanza, yaani hadi dola 2,400. Mfanyakazi mwenyewe hakuongezewa hata senti. Safari hii mtafuta kazi hakulazimika kubeba hati. Fomu ilikuwa kwa mwajiri. Lakini ilipaswa kujazwa kabla ya siku ya kupewa kazi au siku iyo hiyo, kisha ipelekwe ofisi ya kazi ya jimbo katika muda wa siku 21 tangu mtu aanze kazi, muda ambao baadaye ulirefushwa kuwa siku 28.

Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 21 Novemba 2011 iliongeza nafuu kwa ajili ya askari walioacha jeshi. Aliyekosa kazi kwa miezi sita au zaidi katika mwaka mmoja alimletea mwajiri wake nafuu ya hadi dola 5,600. Na kama alikuwa na ulemavu uliotokana na utumishi wake jeshini, nafuu ilifika dola 9,600. Yeyote mwenye kaka au mume aliyerudi vitani na jeraha atashangilia kusikia hayo. Hata hivyo fomu yafaa kutazamwa kwa makini. Mtu aliyetoka gerezani mwaka huo alitia alama katika kisanduku kimoja pamoja na mtu ambaye jamaa yake ilipokea msaada wa chakula, na mwajiri hakuweza kujua ni lipi kati ya hayo lililomhusu. Askari mlemavu aliyekaa miezi sita bila kazi alikuwa na kisanduku chake peke yake. Yule aliyetunukiwa nafuu kubwa kuliko wote ndiye aliyetakiwa kujieleza waziwazi, tena kabla hajajua kama atachukuliwa.

Siku 28 zingetosha kumwuliza mtu akiwa kazini tayari. Lakini waliotunga sheria hawakufanya hivyo kwa ukatili. Mtu akiulizwa baada ya kuajiriwa, mwajiri atakusanya nafuu kwa watu aliokwisha kuwachagua mwenyewe, kama mkaguzi alivyokuta mwaka 1994. Akiulizwa kabla, aibu ya Dayton inaweza kurudi. Sheria ilichagua kuilinda hazina, na gharama yake ikamwangukia yule aliyekalia benchi nje ya ofisi, akisubiri kuitwa.

Nafuu ya mwaka 1996 iliongezewa muda mara nyingi na Bunge hilo. Nyongeza iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2020 iliwahusu watu walioanza kazi hadi tarehe 31 Desemba 2025.