Mkoko wa Miaka Minne

Mwezi huu tunaongea magari. Usifungue ukurasa mwingine ukadhani umekosea gazeti, maana mkoko huu nusura unikosanishe na baba watoto.

Kisa kilianza kigari changu kilipokufa. Kazi yangu hapa Coventry ni kuhudumia wazee majumbani. Saa moja niko kwa bibi huyu, saa tatu kwa babu yule, kutwa nzima ni foleni na taa za barabarani. Bila gari hakuna kazi, na bila kazi hakuna mkwanja wa kutuma Segese. Mnaodhani mamtoni hela zinaokotwa, poleni.

Tukapata Yaris mbili za mtumba, wenyewe Bongo mnaziita Vitz. Moja ya petroli tupu, nyingine haibridi. Haibridi ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Hizi za kwetu huchomeki ukutani. Ukikanyaga breki, ile nguvu ambayo gari la kawaida linaipoteza kama joto, hili linaigeuza umeme na kuiweka kwenye betri. Si mambo ya jana, Toyota walianza kuuza Prius kule Japani mwishoni mwa mwaka 1997. Na utamu wake hasa uko mjini, kwa watu wa simama-nenda kama mimi.

Shida ni bei. Haibridi ilizidi kwa pauni 2,000.

Usiku watoto wakalala, nikakaa mezani na kalamu. Kwa mwaka naendesha kama kilomita 16,000. Ile ya petroli nikaipigia lita 7 kwa kila kilomita 100, haibridi lita 4.7. Hapo naokoa lita 368 kwa mwaka. Kwa pauni 1.40 kila lita, ni kama pauni 515. Kwa hiyo zile 2,000 zitarudi baada ya miaka minne kasoro kidogo.

Nikaweka kalamu chini. Miaka minne?

Maana sisi tunarudi mwakani. Tumekuwa tunarudi mwakani kwa miaka tisa sasa! Sofa imechanika, hatununui nyingine, si tunarudi mwakani. Nyumba yetu Segese imeishia kwenye linta na ndani yameota majani, fundi kaambiwa asubiri, tunakuja kusimamia wenyewe mwakani. Na mama yangu kila Krismasi anaambiwa hivyohivyo.

Nikamwambia mume wangu, "Baba watoto, kama kweli tunarudi mwakani, tuchukue ya petroli. Haibridi haitakuwa imejilipa."

Akaja juu. "Mama watoto, nawe! Tukirudi tunaipakia melini. Usukani si uko kulia kama Bongo?"

Ni kweli uko kulia. Na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina nafuu kwa anayehamia nyumbani: anaweza kuingiza gari moja bila ushuru, kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba awe amelimiliki na kulitumia huko nje angalau miezi 12. Lakini lazima uwe unahamia kweli, siyo kuja likizo ya wiki tatu na miwani ya jua.

Halafu mume wangu ni mtoto wa Dar, Segese anaijua kwa harusi na misiba. Mimi nimekulia pale. Ni nchi ya dhahabu, upande wa mgodi wa Bulyanhulu uliofunguliwa mwaka 2001, na vumbi letu jekundu halibishi hodi. Betri la haibridi linapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari karibu na kiti cha nyuma. Likivuta vumbi lile muda mrefu, feni inaweza kuziba, betri likachemka na kufa kabla ya siku zake. Mafundi wetu Land Cruiser wanaifumua wakiwa wamefumba macho, lakini betri la volti zaidi ya 100 bila mafunzo wala vifaa linaua mtu.

Tukanuniana siku tatu. Sahani zinawekwa mezani kwa kishindo, si unajua tena.

Siku ya nne akavunja ukimya mwenyewe. "Mimi nadhani unaogopa kumwambia mama yako ukweli." Iliniuma kwa sababu alikuwa amepatia. Ila na yeye nikampa yake: "Na wewe unaogopa kujiambia." Tukacheka, kisha tukaongea mpaka saa nane usiku. Mkubwa wetu anamaliza sekondari baada ya miaka minne. Tulikuwa tunalijua hilo siku zote, ila hakuna aliyelisema.

Jumapili nikampigia mama. Nikamwamkia, nikauliza habari za mvua na mpunga, nikazungukazunguka weee. Mwishowe nikasema, "Mama, mwakani hatuji. Ni miaka minne."

Kimya. Nikasikia kuku wanalia nyuma yake.

"Miaka minne ni mingi, mayu," akasema. "Lakini naweza kuihesabu. Ile mwakani yenu ilikuwa haihesabiki." Kisha akaniuliza kama hela ya bati ninayo, maana kama hatuji kusimamia, atasimamia yeye.

Tumechukua haibridi. Haitapanda meli, tutaiuza hukuhuku siku ya kuondoka. Na Segese kuta zimeshavuka linta, mama yuko pale na fimbo yake anamgombeza fundi.

Kwa hiyo wewe mwenzangu wa ughaibuni unayeumiza kichwa kuhusu haibridi, usianze kuuliza rangi. Uliza unaendesha kilomita ngapi kwa mwaka, mjini au barabara kuu, na nani atalitengeneza. Mwisho kabisa muulize mwenzako, mkiwa wawili tu na simu mmezima: sisi tuko hapa mpaka lini? Kama hamna jibu, gari lisubiri kwanza.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.