Olkaria si chemchemi ya asili, tuache kudanganyana

Leo naweka kodi kando, kuna jambo linanikera.

Juzi nilitoka hapa Keroka alfajiri, matatu hadi Narok, nyingine hadi Naivasha, nikaenda kujipumzisha kwenye bwawa la maji moto la Olkaria, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate. Mama aliniuliza kama kuni zimeisha nyumbani hata niende kulipia maji moto! Lakini miezi mitatu ya kusaka hitilafu katika programu ya mteja ilikuwa imenivunja mgongo. Nikajitosa kwenye yale maji ya samawati, mvuke unafuka, simu nimeizima. Mgongo ukalainika. Kwa hilo sina neno.

Neno langu ni moja: "asili". Tangazo lililonipeleka huko lilidai ni chemchemi ya asili. Si kweli! Maji yale hayakububujika yenyewe. Yanatoka kwenye visima vilivyochimbwa kwa mashine, vingine kina cha kilomita 3. Mvuke hutenganishwa ukazungushe mitambo ya umeme ya KenGen, na maji ya chumvi yanayobaki hupozwa kidimbwi hadi kidimbwi, ndipo wewe uoge. Bwawa lilifunguliwa 2013. Hata Blue Lagoon ya Iceland ilizaliwa hivyo hivyo, kutokana na maji ya mtambo wa Svartsengi.

Ukitaka za asili, nenda ufukoni mwa Ziwa Bogoria, kule wageni wanakochemsha mayai. Jitose uone kama utatoka na ngozi!

Utaniambia, "Ndugu, neno tu hilo, ubaya uko wapi?" Ubaya ni huu. Mtu akisema programu "inajiendesha yenyewe", amemfuta aliyekesha akiiandika. Neno "asili" linamfuta mhandisi na mchimba kisima wa Olkaria. Baya zaidi, linawafuta Wamaasai waliohamishwa mwaka 2014 kupisha mtambo wa Olkaria IV, hata wengine wakapeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kama maji yalikuja yenyewe, basi hakuna aliyehama, na hakuna mwenye kudai chochote.

Sisi wa Keroka hatuhitaji kufundishwa haya. Mji mmoja, kaunti mbili, Kisii na Nyamira zikigombania ushuru wa soko. Tunajua kwamba ukikipa kitu jina, umeshasema ni cha nani.

Nendeni mkaoge, nami nitarudi. Ila kwenye tangazo andikeni ukweli: maji ya mtambo wa umeme, yaliyopozwa na mafundi, kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe. Aibu iko wapi? Mimi ningelipa bei ile ile.

Nawasilisha.