Kipilefti si kushika kushoto tu



Nina dukuduku juu ya jambo ambalo madereva wengi hulichukulia kijuujuu, na ambalo sisi walimu pia tumelikosea. Jambo lenyewe ni njia ipi dereva aishike anapoingia kwenye kipilefti.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Kijiji chetu hakina kipilefti, wala taa za kuongozea magari. Tuna barabara moja ya vumbi ambayo hupitwa na basi la asubuhi, malori ya mbao na bodaboda wasio na idadi. Hata hivyo kipilefti cha mjini kimemvunja mguu kijana wetu mmoja, nami najiona nina sehemu yangu katika jambo hilo.

Kijana huyo nilimfundisha hadi darasa la saba. Sasa ana miaka 21 na anaendesha pikipiki ya mkataba. Kila jioni humpelekea tajiri hesabu yake, na kinachobaki ndicho kinachonunua unga na mafuta ya taa nyumbani kwa mama yake. Mwezi uliopita alimpeleka abiria mjini, akamshusha salama, kisha akaenda kutafuta mafuta. Alipofika kwenye kipilefti alitaka kutokea upande wa kulia, yaani mlango wa tatu. Akaingia kwa njia ya kushoto, akazunguka akiwa ameshika kushoto vile vile. Basi dogo la abiria lililoingia pamoja naye, likiwa njia ya kulia, likawasha indiketa na kutokea mlango wa pili, moja kwa moja mbele. Likamkuta yeye akiwa bado anazunguka. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti.

Watu walijaa wakabishana. Nusu walisema mwenye basi ana makosa, kwani anayekwenda moja kwa moja angeshika kushoto. Nusu walisema mwenye pikipiki ndiye mkosaji, kwani anayekwenda kulia hang'ang'anii kushoto. Mishale iliyokuwa imechorwa barabarani ili kuamua ubishi wa namna hiyo ilikwisha futika zamani. Kuhukumu si kazi yangu, hiyo ni kazi ya wanaohusika.

Kilichonichoma ni maneno ya kijana mwenyewe nilipokwenda kumtazama wodini. Baada ya kuniamkia alisema, "Mwalimu, mimi nilishika kushoto kama ulivyotufundisha."

Ni kweli nilifundisha hivyo. Nilichora duara ubaoni, nikawaeleza watoto kwamba neno kipilefti limetoka katika Kiingereza na maana yake ni "shika kushoto", na kwamba ashikaye kushoto hakosei. Aliyejibu hivyo nilimpa vema. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuendesha chombo chochote zaidi ya baiskeli. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu atoke kwenye kitu chenyewe ndipo aende kwenye jina. Mimi nilifundisha jina nikaacha kitu. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na aliyeumia ni mwanafunzi wangu.

Basi yafaa tueleze kitu chenyewe. Neno hilo "shika kushoto" linamwambia dereva apite upande gani wa kile kisiwa cha katikati. Kwa kuwa nchini kwetu tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, magari yote huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa, kisiwa kikiwa kulia kwa dereva. Basi, maana yake inaishia hapo. Neno hilo halisemi kwamba kila mtu ajibanze njia ya kushoto mpaka atokee.

Kanuni ya pili ni kwamba anayeingia humpisha aliyekwisha kuwamo, ambaye hutokea upande wake wa kulia. Kanuni hii haikuzaliwa pamoja na vipilefti. Uingereza walikuwa navyo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini waliokuwa wakiingia waliwabana waliomo, mpaka magari yote yakakwama. Mwaka 1966 ndipo walipoweka kanuni kwa nchi nzima kwamba aliyemo ndiye wa kupishwa. Tangu hapo kipilefti kikaanza kupitisha magari badala ya kuyafunga.

Faida yake ni ya hesabu, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuihakiki kwa penseli. Barabara mbili zikikatana kwa njia panda ya kawaida, kila upande ukiwa na njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, kuna mahali 32 ambapo mapito ya magari hukutana au kuachana. Kipilefti chenye njia moja ya kuzunguka kina mahali 8 tu, yaani 4 pa kuingilia na 4 pa kutokea. Tena hakuna anayekutana na mwenzake uso kwa uso, na kila mtu hulazimika kupunguza mwendo.

Lakini kipilefti kikiwa na njia mbili za kuzunguka, hesabu hiyo hubadilika. Aliye njia ya ndani lazima akate njia ya nje ili atoke. Ikiwa aliye nje naye bado anazunguka, watagongana mlangoni. Kwa hiyo usalama wote unategemea jambo moja: kila dereva awe amechagua njia kwa kufuata mlango atakaotokea, tena achague kabla ya kuingia. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu huchagua njia kwa kutazama foleni ipi ni fupi.

Uchaguzi wenyewe si mgumu. Ukitaka kwenda kushoto, shika njia ya kushoto, washa indiketa ya kushoto, utoke. Ukitaka kwenda moja kwa moja, shika njia ya kushoto isipokuwa kama mishale imekuelekeza vingine. Ukishapita mlango ulio kabla ya wako, ndipo uwashe indiketa ya kushoto. Ukitaka kwenda kulia, au kurudi ulikotoka, shika njia ya kulia, washa indiketa ya kulia, zunguka ukiwa karibu na kisiwa. Ukishapita mlango ulio kabla ya wako, badili indiketa iwe ya kushoto, tazama kioo na utazame kwa macho, ndipo utoke. Mahali penye mishale fuata mishale. Akiwapo askari wa usalama barabarani anayeongoza kwa mkono, mtii askari. Lori lenye tela huhitaji nafasi kubwa kuzunguka, basi usijipenyeze ubavuni mwake. Na indiketa si pambo. Mama aliyesimama kwenye kivuko na mtoto mgongoni hana njia nyingine ya kujua kama unatoka au unaendelea kuzunguka.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Mimi nakataa. Ajali ya kijana wetu ilikuwa na kinga, tena rahisi. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wa wanafunzi wetu, na wa hao waliotoka mikononi mwetu juzi juzi wakapanda pikipiki.

Kwa hiyo nashauri yafuatayo.

Kwanza, wanaohusika na barabara za miji wachore upya mishale kwenye vipilefti vyenye njia mbili, tena waichore mbali kabla ya kufika, ili dereva apate nafasi ya kuchagua. Taifa letu limejenga Daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018, na Daraja la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Ni kazi za kujivunia. Nchi iliyoweza kuinua barabara juu ya barabara haiwezi kushindwa na rangi nyeupe.

Pili, mafunzo ya bodaboda yawafikie vijana wa vijijini kabla hawajafika mjini. Vijana wetu hujifunzia kwenye uwanja wa mpira, ambako hakuna gari lolote ubavuni. Siku ya kwanza kukiona kipilefti ndiyo siku wanayokiingia, huku malori yakipiga honi nyuma yao. Serikali za vijiji na vikundi vya bodaboda wanaweza kumwalika mkufunzi walau mara chache kwa mwaka.

Tatu, sisi walimu tuache kufundisha jina tu. Mimi nimekwisha anza. Wiki iliyopita nilichora kipilefti kwa majivu katika uwanja wa shule, njia mbili na milango minne, nikaweka mawe kuwa kisiwa. Watoto walikuwa magari. Mara ya kwanza niliwaambia wote washike kushoto kama nilivyokuwa nikifundisha zamani. Waliotaka kutoka kulia walijazana njia moja na wengine, nyingine ikabaki tupu. Mara ya pili niliwaachia kila mmoja ashike njia aitakayo. Wakagongana mlangoni, wakacheka sana. Mimi sikucheka. Mara ya tatu kila mmoja alitaja mlango wake kwanza, akachagua njia, ndipo akaingia. Walipita wote bila kugusana.

Mwishoni msichana mmoja wa darasa la tano aliuliza, "Mwalimu, je, kama nimeshaingia na njia si yenyewe?" Nilimjibu asikate mbele ya mwenzake. Kama yuko njia ya nje, atokee mlango unaomfaa aliye njia hiyo, kisha atafute mahali salama pa kugeuzia huko mbele. Kama yuko njia ya ndani na nafasi ya kutoka hakuna, azunguke tena. Kuzunguka tena hakuzidi dakika moja. Kijana wetu ameambiwa akae na plasta miezi mitatu, na pikipiki ya tajiri bado iko kituoni.

Akipona, nimemwomba aje shuleni anisaidie kufundisha somo hilo. Amekubali.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
(Jina na anwani tunavyo – Mhariri)