Jina la Tovuti ni Mali Yako

Mwenye duka, je, jina la tovuti yako limesajiliwa kwa jina la nani? Wengi hawajui. Kijana aliyewatengenezea tovuti ndiye aliyejiandikisha, na siku watakapokosana naye ataondoka na ufunguo.

Kwanza, fahamu kuwa majina yanayoishia kwa .co.ke husimamiwa na shirika la KeNIC, na hununuliwa kupitia kampuni lililoziidhinisha. Iulize kampuni iliyokuuzia: ni nani mwenye jina? Kama si wewe, dai usajili ubadilishwe sasa, mkingali mwaelewana na fundi wako.

Pili, jina hulipiwa kwa muda, aghalabu mwaka mmoja. Muda ukipita bila malipo, tovuti huzimika na barua pepe za jina hilo hukoma kufika, hata za wateja wanaotaka kuagiza bidhaa. Kwa hivyo ilani za malipo zisitumwe kwenye anwani hiyo hiyo. Toa nyingine, mathalani ya Gmail.

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo, iandike daftarini tarehe ya kulipia.