Nimenunua vioo vyangu mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku lililonikaa kooni kwa wiki mbili sasa.

Jumamosi moja nilikwenda msibani Kinondoni. Gari langu, Toyota IST niliyoinunua kwa mafao yangu ya ualimu, nililiegesha kando ya barabara nyuma ya magari mengine ya waombolezaji. Hatukukaa hata saa mbili. Natoka, vioo vya pembeni havipo, kulia na kushoto. Havikuvunjwa. Vilichomolewa kwa ustadi, nyaya zikabaki zinaning'inia kama sharubu za kambale. Kijana mmoja muuza maji alinipa pole kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuitoa pole hiyo mara nyingi mahali pale pale.

Kituo cha polisi nilipewa RB, namba ya taarifa yangu ya wizi, nikaulizwa kama kuna ninayemshuku. Nitamshuku nani, nami nilikuwa ndani nalia na wafiwa? Askari wa zamu, kijana mwenye adabu zake, akaniambia: “Mama, hiyo RB itakusaidia kwenye bima. Vioo nenda kanunue tu.” Bima yenyewe ninayo ile ndogo, ambayo hulipa nikimgonga mtu; nikiibiwa hainijui. Nadhani wasomaji wengi wenye magari ya umri wa langu wanayo hiyo hiyo, na baadhi yao hawajui tofauti mpaka siku yaliyonifika yawafike.

Fundi wangu hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza swali moja: “Mwalimu, namba ulichora?” Nilichora. Nilipolinunua gari nilimlipa kijana wa kando ya barabara akanichorea namba ya usajili kwenye vioo vyote na taa zote, kama tunavyofanya karibu sote hapa Dar es Salaam, tukitumaini kwamba mwizi akiiona atatafuta gari la mwenzetu asiyechora. Fundi akapiga simu mbili. Saa tisa alasiri bodaboda akaleta kiroba. Ndani mna vioo viwili, na kwenye vioo mna namba yangu, kwa mwandiko ule ule uliopinda kidogo kwenye tarakimu ya mwisho. Bei shilingi 90,000. Nikaomba nipunguziwe. Naam, Mhariri, nilisimama juani naomba punguzo la vioo vyangu mwenyewe, nikapunguziwa 10,000, na malezi yangu yakanifanya niseme ahsante.

Simu mbili! Hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko hizo 80,000. Fundi wa gereji ya chini ya mwembe anajua ampigie nani, na huyo anajua ampigie nani, na kabla ya jua kuzama mali imerudi. Mpelelezi anayelipwa mshahara kwa kodi zetu anashindwaje kuzipiga simu hizo hizo?

Kila wizi huu unapozungumzwa, tunaambiwa sisi wenye magari tujilinde: tuegeshe penye mwanga, tusiache mikoba kwenye viti. Tumejilinda mpaka magari yetu yamefanana na mabanda ya kuku. Tumechora namba. Tumepiga vioo ribiti, na kibaka aking'oa kilichopigwa ribiti huondoka na kipande cha mlango. Wengine wamechomelea vyuma juu ya taa za nyuma. Wapo waliofunga swichi ya siri ya kukata moto, na wenye uwezo wamefunga kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Hizo mbili zinasaidia gari zima lisipotee, sizikatai. Ila mwizi wa siku hizi hana haja ya gari zima. Gari zima lina kadi na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati, na mnunuzi ataviulizia. Taa haina kadi. Kontroli boksi, kompyuta inayoendesha injini, haina kadi. Jirani yangu alifunguliwa mlango usiku kwa waya, wakachomoa kontroli boksi peke yake, redio wakaiacha. Asubuhi gari haliwaki, na mafundi wakahangaika na betri nusu siku kabla ya mmoja kuchungulia nyuma ya dashibodi.

Na hizi rimoti tunazozitegemea, hebu tujihadhari nazo. Mwizi akiwa karibu, na mkononi ana kifaa kinachotoa mawimbi ya masafa yale yale ya rimoti, wewe unabonyeza huku unatembea, gari halijasikia. Shika kitasa uvute kabla ya kuondoka, ni bure. Wenye magari ya kuwasha kwa kitufe wana mtihani wao. Ufunguo ukiwa umelala sebuleni, wezi wawili wenye vifaa vya kurefusha mawimbi yake, mmoja akisimama karibu na ukuta wa nyumba na mwenzake kando ya gari, hulidanganya gari liamini kwamba mwenyewe amefika. Mpwa wangu huuweka wake ndani ya kopo la bati lenye kifuniko kinachobana. Tulimcheka, sasa hatumcheki.

Nimesoma pia kisa cha Ian Tabor wa London, mtaalamu wa usalama wa mifumo ya magari. Mwaka 2022 alikuta bampa ya RAV4 yake imelegezwa na nyaya za taa ya mbele zimechomolewa, akadhani ni wahuni tu. Miezi michache baadaye gari likaondoka lote. Uchunguzi wake ukaonyesha kwamba wezi hupitia waya wa taa na kuingiza amri za uongo kwenye mtandao wa ndani wa gari, milango ikafunguka na injini ikawaka bila ufunguo. Namtaja kwa sababu tumezoea kusema “taa tu hiyo” na kuendelea na safari.

Lakini nirudi kwenye simu mbili. Kibaka hali vioo. Anaiba kwa kuwa anajua nani atavipokea kabla jua halijazama. Kanuni ya Adhabu ya nchi hii, kifungu cha 311, inamtia hatiani anayepokea mali akijua ni ya wizi, na kifungu cha 312 kinamtaka aliyekutwa na mali inayoshukiwa aeleze ameipataje. Kioo chenye namba ya gari la mtu mwingine, kikiwa juu ya meza ya muuza spea, kinataka ushahidi gani zaidi?

Ng'ombe wa Mmasai akitolewa wilaya moja kwenda nyingine anatakiwa awe na kibali. Taa ya gari ya laki mbili huvuka mji mzima mgongoni mwa bodaboda bila hata kipande cha karatasi. Uingereza, walipochoshwa na wezi wa nyaya na vyuma, walitunga sheria mwaka 2013: mnunuzi wa vyuma chakavu awe na leseni, atambue anayemuuzia ni nani, na malipo yasifanyike kwa fedha taslimu. Sisi, ambao hata mchicha tunalipia kwa simu, tungelifanya hilo kwa wepesi zaidi yao. Muuza spea zilizotumika awe na daftari: ameuziwa na nani, kwa namba gani ya simu, lini. Spea iliyotoka Japani ina nyaraka za bandarini. Iliyotoka msibani Kinondoni haina.

Sasa niseme na la kwangu, maana nisingependa kuonekana mtakatifu. Mwaka juzi taa yangu ya nyuma ya kushoto ilivunjwa na bajaji. Nilinunua nyingine iliyotumika, kwa bei iliyonifurahisha, na sikuuliza kitu. Juzi, baada ya vioo kurudishwa, niliinama kuiangalia vizuri. Pembeni imesuguliwa kwa msasa. Aliyesugua alikuwa na haraka: tarakimu 4 bado inaonekana, na baada yake herufi D. Gari langu halina 4 wala D.

Kwa hiyo wanaohusika na leseni za biashara na wanaohusika na upelelezi naomba waanze na meza za spea, mchana, bila kusubiri tuwapelekee mtuhumiwa. Na kama wewe msomaji uliibiwa taa ya nyuma ya kushoto ya IST, na namba yako ina 4 ikifuatwa na D, njoo na kadi ya gari ofisini kwa Mhariri, ambaye namba yangu ya simu anayo. Nitakufungulia uichukue, na sitakudai hata senti.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Segerea, Dar es Salaam.