Masharti ya Kupanda Miti Yaandikwe Wazi

Kila mwaka mvua zinapokaribia, wito wa kupanda miti husikika nchini kote. Viongozi hushika majembe, wanafunzi hubeba miche, na hesabu ya miti iliyopandwa hupelekwa wilayani na mkoani. Halmashauri za Tanzania Bara zimekuwa zikiagizwa kupanda miti 1,500,000 kila moja kwa mwaka. Lengo hilo ni jema, nasi tunaliunga mkono. Hata hivyo hatuna budi kuuliza: mti huo unaohesabiwa ni mti gani, umepandwa wapi na kwa namna gani, na nani atakayeulizwa ukifa? Pale ambapo maswali hayo hayakujibiwa kwa maandishi kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, hesabu inayopelekwa mkoani ni hesabu ya mashimo tu.

Tatizo hili huonekana zaidi katika kazi za ujenzi. Mkataba wa kujenga shule, zahanati au barabara hueleza kwa urefu habari za saruji, nondo, mchanga na kokoto. Unene wa ukuta hutajwa, na mchanganyiko wa zege hupimwa. Lakini ukifika kwenye miti ya kivuli, majani ya kushikilia kingo za barabara na uzio wa mimea, mara nyingi utakuta mstari mmoja tu usemao: "kupanda miti na majani". Mkandarasi mwaminifu atatafsiri mstari huo kwa wema, na asiye mwaminifu atautafsiri kwa faida yake. Wote wawili watadai malipo, na mkaguzi hatakuwa na maandishi ya kumwezesha kumkatalia hata mmoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tunapenda kuwaelekeza wasomaji kwenye mfano wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012, na ziko katika pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi, ng'ambo ya Rwanda. Watu wa huko wanaishi kwa migomba, maharage na kahawa, na kibanja cha familia ndicho ghala lake. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia mkoa wa Kagera, na baadhi ya kambi zao zilikuwa Karagwe. Kuni za kupikia na miti ya kujengea vibanda zilitoka katika misitu na vichaka vya jirani. Kwa hiyo wananchi wa huko hawakuhitaji kuhubiriwa kwamba mti ni uhai. Walichohitaji ni utaratibu wa kuurudisha.

Utaratibu huo ulipatikana katika mradi uliopewa jina la Kinyambo, Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ndiyo uhai. Mradi huo uliendeshwa na shirika la Vi la Sweden pamoja na wakulima wadogo, kwa kufuata kanuni za Plan Vivo, zinazosimamiwa na taasisi iliyoko Scotland. Wanunuzi wa nje walilipia hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti ya wakulima. Ni dhahiri kwamba mnunuzi aliye mbali hivyo hawezi kuja kuhesabu mche kwa mche. Anachoweza kudai ni maandishi yasiyo na utata na ukaguzi unaofuata maandishi hayo. Ndiyo maana masharti ya upandaji yaliandikwa kabla ya miche kugawiwa.

Tuyatazame masharti hayo. Upandaji uligawanywa katika aina zilizo wazi: miti ya mpakani, miti iliyotawanywa ndani ya shamba pamoja na mazao, bustani ya matunda, na shamba la miti pekee. Kila aina ina maelezo yake kuhusu miti inayofaa, nafasi kati ya mche na mche, na matunzo yake. Mkulima naye alitakiwa kuchora ramani ya shamba lake na kuonyesha wapi atapanda nini. Malipo hayakutolewa yote siku ya kupanda. Yalitolewa kwa awamu, kadiri ukaguzi ulivyoonyesha kwamba miti imeshika na inakua. Mkulima ambaye pengine hakuwahi kusaini mkataba mwingine maishani mwake aliweza kusoma masharti haya, kuyaelewa na kuyatimiza. Basi halmashauri yenye mhandisi, afisa misitu na mwanasheria itashindwaje?

Kwa maoni yetu, sharti zuri la upandaji linapaswa kujibu maswali sita.

Kwanza, mti gani? Jina la kienyeji pekee halitoshi, kwa kuwa jina moja huweza kubeba miti miwili katika tarafa mbili. Jina la kitaalamu liandikwe kando ya jina la wenyeji.

Pili, mche umetoka wapi na una hali gani? Kagera ina funzo chungu katika hili. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ulithibitishwa mkoani humo mwaka 2006, na ugonjwa huo husambaa kwa machipukizi yaliyoambukizwa na kwa visu na mapanga yasiyosafishwa. Sharti lisemalo "machipukizi ya migomba" bila kutaja kwamba yatoke katika shamba lililokaguliwa, laweza kulipia maradhi kwa fedha za umma. Vivyo hivyo kwa miche ya miti: urefu wake utajwe, iwe imekwisha kuzoeshwa jua kitaluni, na mizizi yake isiwe imejiviringisha ndani ya kiriba.

Tatu, wapi na kwa nafasi gani? Hapa hesabu husema yenyewe. Miche ikipandwa kwa mita 3 kwa 3, hekta moja huchukua miche 1,111. Ikipandwa kwa mita 2 kwa 2, hekta hiyo hiyo huchukua miche 2,500. Tofauti ya mita moja katika maandishi imezidisha gharama zaidi ya mara mbili. Mahali nako kuna uzito wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 imetaja mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji kuwa eneo la kulindwa. Mkaratusi, ambao hunywa maji mengi, usiachiwe kupandwa karibu na chemchemi ya kijiji kwa sababu tu mkataba ulikaa kimya.

Nne, kwa namna gani? Vipimo vya shimo viandikwe. Udongo wa juu utengwe na wa chini, na kiasi cha samadi kitajwe kwa ndoo. Kiriba kiondolewe kabla ya kufukia. Mambo haya ni madogo kwa anayeyajua, lakini kibarua wa siku moja hana wajibu wa kuyabuni.

Tano, lini? Swali hili linawahusu sana maofisa wetu. Huko Karagwe na Kyerwa mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Desemba, na tena kuanzia Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Mwaka wa fedha wa Serikali nao hufungwa tarehe 30 Juni. Fedha isiyotumika inapoharakishwa mwezi Mei na Juni, mche huingia ardhini wakati mvua inaaga. Hati za malipo hupendeza na mche hukauka. Sharti liseme kwamba upandaji utafanyika mvua ikiwa imeshika, na kwamba kazi ya kupanda yaweza kutenganishwa na tarehe ya kukabidhi jengo.

Sita, nani atajibu, na mpaka lini? Mkandarasi hukaa na dhamana ya jengo kwa muda baada ya kulikabidhi, ili nyufa zikitokea azizibe. Mti nao upewe dhamana yake. Muda huo upite angalau kiangazi kizima, mche uliokufa upandwe upya kwa gharama ya aliyelipwa kuupanda, na sehemu ya malipo izuiliwe mpaka ukaguzi wa mwisho.

Wasomaji wetu wa visiwani wataweza kuuliza mambo ya Karagwe yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Msizi, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii, ni mti wa asili katika ukanda wa Ziwa Victoria, na mkulima wa Kagera anapoupanda anaurudisha nyumbani kwake. Mti huo huo ulipopelekwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ulienea mpaka ukavamia msitu wa asili. Katika msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba, nao umehesabiwa kuwa mgeni mvamizi. Kwa hiyo sharti la Karagwe lisinakiliwe Pemba neno kwa neno. Kinachofaa kuigwa ni tabia ya kuandika wazi, kisha kila mahali paandike yake.

Tazama pia upandaji wa mikoko. Mvuvi yeyote wa Unguja au Pemba anajua kwamba mlilana huvumilia kusimama upande wa bahari, na kwamba mkandaa hukaa nyuma zaidi. Lakini agizo la "kupanda mikoko 10,000" halijui hayo. Nchini Sri Lanka, baada ya tsunami ya mwaka 2004, mikoko mingi ilipandwa kwa haraka, na wataalamu waliporudi baadaye walikuta sehemu nyingi hazina hata mche mmoja uliosalia. Miongoni mwa sababu ilikuwa kupanda mahali ambapo kina cha maji hakikufaa.

Wala watu wa visiwani si wageni wa masharti yanayopimika. Historia ya Zanzibar inasimulia kwamba Sayyid Said aliamuru ipandwe mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na kwamba aliyekaidi aliweza kunyang'anywa shamba. Hatusifu utawala wa kisultani wala jasho la watumwa lililoistawisha mikarafuu hiyo. Tunachosema ni kwamba kila mtu aliweza kwenda shambani, akahesabu, na kujua kama amri ile imetimizwa au la. Serikali ya wananchi haistahili kuandika kwa uwazi pungufu ya huo.

Wapo watakaosema kwamba masharti marefu yatapandisha bei za zabuni na kuwatisha makandarasi wadogo. Ni kweli kwamba kazi inayoelezwa vizuri huenda ikaonekana ghali siku ya kufungua zabuni. Lakini mti unaopandwa mara tatu katika shimo lile lile ni ghali zaidi. Isitoshe, mkandarasi mdogo mwaminifu ndiye anayeumizwa na ukimya wa mkataba, kwani huweka bei ya kazi ya kweli na kushindwa na yule aliyekusudia kupanda vijiti. Wala masharti hayahitaji kuwa marefu: ukurasa mmoja wa Kiswahili safi, pamoja na mchoro, unatosha kwa uwanja wa shule.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa halmashauri zote, za bara na za visiwani, kwamba msimu ujao wa mvua usiwakute na mstari ule mmoja. Afisa misitu aitwe wakati mkataba unaandikwa, badala ya kuitwa siku ya sherehe. Nakala ya masharti ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji au ya shehia, ili wazee, walimu na kamati ya shule wajue walichoahidiwa na waweze kudai. Na taarifa zinazopelekwa mkoani zibadilishwe: pamoja na safu ya miti iliyopandwa, iwepo safu ya pili ya miti iliyo hai baada ya mwaka mmoja. Safu hiyo ya pili ndiyo itakayoonyesha fedha za wananchi zimekwenda wapi.